Mpe Mtoto Kazi Darasani Kabla ya Kumwuliza Atakuwa Nani

Shule nyingi za msingi huweka adabu upande huu na habari za kazi upande ule. Adabu ina mwalimu wake wa nidhamu, ina kanuni zilizobandikwa ukutani na ina adhabu zake. Habari za kazi zina siku moja kwa mwaka: wageni wanakuja na sare zao, watoto wanapiga makofi, na kesho yake hakuna anayekumbuka lililosemwa ila yule zimamoto aliyewaruhusu kuvaa kofia yake. Nimefundisha madarasa ya chini, baadaye nikakabidhiwa ushauri nasaha, na kadiri nilivyokaa na watoto hawa ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hayo mawili ni somo moja. Mtoto wa miaka saba haelewi uwajibikaji hata umhubirie asubuhi hadi jioni. Ila anaelewa upesi sana kwamba asipogawa madaftari, darasa zima limekaa linamsubiri yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio nitakaokaa nao kuliko mingine yote, ni kuwapa watoto kazi za kweli darasani.

Nasema za kweli kwa sababu madarasa mengi tayari yana kazi za jina. Ukutani kuna chati nzuri yenye picha za maua na majina ya watoto, na mwalimu huyohuyo ndiye anayefuta ubao, anayekusanya madaftari, anayefunga madirisha. Kipimo changu ni swali moja: kazi hii isipofanyika leo, kuna mtu atakayekwama? Kama hakuna, hiyo si kazi, ni pambo, na watoto wanalijua hilo kabla yako.

Zinazokwamisha watu zipo tele ukizitafuta. Yuko mkutubi wa rafu ya darasa, anayeandika nani kachukua kitabu gani na lini kirudi. Yuko mpokea wageni, anayeinuka mtu akibisha hodi, anamsalimu na kumweleza kwa sauti ya chini darasa linafanya nini wakati huo. Yuko mgavi wa vifaa, anayehesabu mikasi kabla na baada ya somo la sanaa. Yuko mtunza muda. Yuko mwandishi wa kumbukumbu, ambaye kazi yake ni kumwandikia mwenzake aliyekosa shule yale yaliyofundishwa, na hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu inamlazimu mtoto asikilize kwa niaba ya mtu mwingine. Yuko mkaguzi wa mwisho, anayetoka darasani wa mwisho akishahakikisha taa imezimwa na viti vimepangwa. Watoto wakiwa wengi kuliko kazi, waweke wawili wawili au gawa kwa zamu, lakini kila mtoto awe kwenye mzunguko. Hapo sina mzaha. Ukiwapa kazi wale watulivu peke yao, umewapa somo wasiolihitaji ukawanyima wanaolihitaji.

Kuanzia darasa la tatu, waombe kazi kwa barua. Sentensi tatu zinatosha: naomba kazi gani, kwa nini naifaa, na nini kitakuwa kigumu kwangu. Hilo la mwisho ndilo lenye utamu. Mtoto mmoja aliyeomba utunza muda aliniandikia kwamba kigumu kitakuwa kutotangaza mapumziko kabla ya saa yake. Kazi nilimpa palepale. Wasiopata kazi waliyoiomba waambiwe sababu, kwa upole na kwa ukweli, na waambiwe zamu ijayo ni lini. Kukosa nafasi na kuendelea kuwa rafiki wa aliyeipata ni jambo ambalo watu wazima wengi hawajaliweza. Afadhali walianze wakiwa na miaka tisa, wakati kinachogombewa ni funguo za kabati la vitabu.

Kisha kuna makabidhiano, na hapa ndipo pana mambo. Muda wa kazi ukiisha (kwangu ni wiki mbili au tatu, kwa watoto wa darasa la kwanza wiki moja), anayeondoka anamfundisha anayeingia. Wanakaa pamoja pembeni, mmoja anaeleza, mwingine anafanya akiangaliwa. Nilimsikia mkutubi wa darasa la nne akimwambia mrithi wake: "Aliyechelewesha kitabu usimkaripie, muulize kwanza kama amekimaliza." Sikuwa nimemfundisha hilo. Alikuwa amelipata kazini, baada ya wateja wake kumkimbia. Ungeliweka kwenye kanuni za ukutani, wala lisingesomwa.

Wiki ya kwanza ni fujo. Mpokea wageni atawapokea hata walimu wanaopita tu, mtunza muda atakukatiza ukiwa katikati ya neno. Vumilia. Usiichukue kazi ukaifanya mwenyewe kwa kuwa wewe una haraka. Ukifanya hivyo mara moja tu, wamekwisha kujua kwamba ile chati ni pambo.

Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni kuigeuza kazi kuwa adhabu. Ukimwambia aliyepiga kelele akafagie, hakuna atakayeomba kufagia kwa hiari. La pili ni kuigeuza kuwa cheo, hasa kile cheo cha kiranja anayesimama mbele akiandika majina ya wanaozungumza. Wako walimu ninaowaheshimu wanaoutumia utaratibu huo na najua unawapa utulivu wa dakika kumi. Mimi siutaki. Unamfundisha mmoja kuwa mpelelezi na wengine kumhonga kwa vipande vya chakula ili majina yao yasionekane. Ukitaka ukimya wakati umetoka, toa kazi inayowashughulisha na uwe na mtu mzima wa kuchungulia.

Na lipo la tatu, ambalo haliko kwenye mpango wenyewe bali vinywani mwetu. "Usiposoma utaishia kufagia." "Cheza tu, utakuja kubeba mizigo." Kauli hizi tunazitoa bila kufikiri, walimu kwa wazazi. Darasani kuna mtoto ambaye mama yake anafagia na baba yake anabeba mizigo, na fedha ya kazi hiyo ndiyo iliyonunua daftari lililo mbele yake. Umemwambia kwamba watu anaowapenda kuliko wote ni mfano wa kushindwa. Halafu mchana unamtaka aheshimu chumba kilichofagiliwa. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na ningependa tuwaamini angalau hapo. Katika shule niliyokuwa nayo muda mrefu zaidi, tulikubaliana chumba cha walimu kwamba hakuna kazi halali itakayotumika kama kitisho. Lilikuwa badiliko la maneno tu, lakini maneno ya kashfa ya watoto wenyewe kwa wenyewe kuhusu kazi za wazazi yalianza kupungua, maana yalikuwa yanatoka kwetu.

Kanuni chache, na zifundishwe

Kazi hazitoshi peke yake. Lazima kuwe na kanuni, ila ziwe chache: tatu, nne, zisizidi tano, na ziseme nini kifanyike badala ya nini kisifanyike. "Sikiliza anayezungumza" ni bora kuliko "usipige kelele", kwa kuwa ya kwanza inaweza kufanyiwa mazoezi na ya pili haiwezi.

Mazoezi ndiyo tunayoyaruka. Mwaka 1968 watafiti watatu wa Marekani, Madsen, Becker na Thomas, waliwafuatilia walimu wa shule ya msingi waliojaribu njia tatu kwa zamu: kutangaza kanuni, kupuuza utundu mdogo, na kusifia tabia nzuri. Kanuni peke yake hazikubadilisha kitu cha maana. Tabia ilibadilika pale mwalimu alipoacha kuhangaika na vijambo vidogo na akawa anataja wazi mazuri anayoyaona. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunaanza muhula kwa kubandika karatasi ukutani tukidhani tumemaliza.

Mimi hufundisha kanuni kama ninavyofundisha kujumlisha. Tunaonyesha namna ya kuingia darasani, tunaonyesha pia namna isiyofaa (hapo kicheko kinakuwa kingi, na acha kiwe), tunarudia. Baada ya kila likizo tunaanza upya bila lawama, kwa sababu watoto husahau na hiyo si dhambi. Mtoto akikimbia ndani, sentensi moja inatosha: rudi mlangoni, uingie tena. Ikisemwa bila hasira na bila hadhira, mara nyingi mambo yanaishia hapo. Makosa makubwa ni mazungumzo ya pembeni, ya wawili, baada ya wote kutulia.

Sifa nazo zina namna yake. "Hongera, una akili sana" ni tamu mdomoni na ina hasara. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio waliyoyafanya na watoto wa kama darasa la tano: waliosifiwa kwa akili baada ya kufaulu walipendelea kazi nyepesi zaidi, walikata tamaa haraka walipokutana na ngumu, na walikuwa wepesi wa kujiongezea alama walipoombwa kuwasimulia wengine jinsi walivyofanya. Waliosifiwa kwa bidii hawakuwa hivyo. Angalia hilo la kujiongezea alama: sifa yenyewe ilichochea uongo. Kwa hiyo taja ulichokiona. "Mikasi yote umeirudisha, na huo uliolegea umeutenga ili usimkate mtu." Sifa ya namna hiyo huifikii bila kuangalia, na mtoto anajua kwamba umemwangalia.

Zawadi ni suala gumu kidogo. Peremende, nyota za kubandika, pointi za kubadilisha na kalamu: vinafanya kazi, na anayesema havifanyi hajakaa na darasa la pili siku ya mvua. Ila vina mpaka. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichagua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa hiari yao. Baadhi wakaahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wengine. Waliopewa cheti bila kuahidiwa kabla hawakupoteza hamu. Funzo ninalolitumia ni jepesi: zawadi inaweza kumfikisha mtoto kwenye jambo asilolipenda bado, lakini usimlipe kwa lile analolifanya tayari kwa furaha. Na pointi alizozipata kwa jema usizikate kwa baya. Alilifanya lile jema, na lilitokea kweli.

Ukitaka mchezo wa darasa zima, upo mmoja mkongwe unaoitwa Mchezo wa Tabia Njema, uliojaribiwa kwa mara ya kwanza kwenye darasa la nne huko Kansas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1969. Darasa linagawanywa timu mbili, kila kosa lililotajwa kabla linawekewa alama ubaoni, na timu zote mbili zinaweza kushinda zikibaki chini ya kiwango. Uzuri wake ni hilo la wote kuweza kushinda. Hatari yake ni mtoto mmoja kuwaangusha wenzake kila siku na kuchukiwa. Akitokea huyo, mtoe kwenye hesabu ya timu kabla hawajamgeuka, na umpe lengo lake binafsi. Nami huucheza kwa dakika ishirini, si siku nzima.

Wanachokifuta vichwani mwao tukiwa hatuangalii

Sasa kazi za huko nje. Watu wengi huuliza kwa nini kumshughulisha mtoto wa darasa la pili na mambo ya ajira wakati hata kufunga kamba za viatu ni kazi. Jibu ni kwamba hatumchagulii fani. Tunamzuia asifute fani mapema mno.

Mtafiti wa Marekani, Linda Gottfredson, aliandika mwaka 1981 kwamba watoto hawaanzi kwa kuchagua kazi; huanza kwa kuondoa. Wakiwa wadogo kabisa wanaona kazi ni jambo la watu wakubwa na wenye nguvu. Kati ya miaka sita na minane wanaondoa zile wanazoona ni za jinsia nyingine. Kuanzia tisa hadi kumi na tatu wanaondoa zile wanazoona ni za hadhi ya chini au zilizo juu mno kwa mtu kama wao. Habari za vipaji na mapendeleo yao wenyewe zinakuja baadaye, wakati orodha imekwisha kupunguzwa. Kwa maneno mengine, tunapompeleka kijana wa sekondari kwa mshauri wa taaluma, kuna milango aliyoifunga akiwa anajifunza kusoma, na wala hakumbuki kama aliifunga yeye.

Michoro inaonyesha hivyo. Mtafiti David Chambers alichapisha mwaka 1983 matokeo ya watoto 4,807 walioombwa wachore mwanasayansi. Wanasayansi wanawake walikuwa 28 tu, na wote walichorwa na wasichana. Uchambuzi wa michoro ya miongo mitano ya Marekani, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kuwa hali imebadilika: katika tafiti za miaka ya karibuni zaidi ya robo ya wanasayansi waliochorwa walikuwa wanawake. Lakini uchambuzi huohuo ulionyesha pia kwamba watoto wa miaka mitano na sita walichora wanawake na wanaume karibu sawa, na kadiri walivyokua wanaume walizidi. Maana yake hawaji nalo kutoka tumboni. Linaingia wakiwa mikononi mwetu, shuleni na nyumbani.

Fanya zoezi hili kwa darasa lako kabla hujasema lolote: chora rubani, chora muuguzi, chora fundi umeme, wape na majina. Zikusanye kimya, usimsahihishe mtu. Majina yatakueleza mengi. Mimi huzihifadhi na kuzirudisha mwisho wa mwaka, watoto wenyewe wakazijadili.

Kinachofuata ndicho kinachonifurahisha zaidi: kukifuata kitu kimoja nyuma hadi kilikotoka. Chukua daftari. Nani alilifanyia kazi? Watoto wataanza na muuza duka na kusimama hapo. Wasukume. Aliyelileta dukani? Aliyelihesabu? Nani alipiga hiyo mistari ya bluu, nani aliichanganya wino, nani alihakikisha kurasa zimetimia, aliyeitengeneza mashine inapoharibika, aliyekata mti, aliyepanda mwingine, aliyeamua ni mti upi usikatwe. Ubao utajaa. Darasa la nne waliwahi kunifikisha hadi kwa daktari wa macho wa dereva wa lori, na sikuwa na hoja ya kumkataa. Zoezi moja la namna hii linawafungulia kazi nyingi kuliko siku nzima ya wageni, na kila kazi inatokea mahali ambapo mtu fulani anaihitaji, kama ilivyo kwa mgavi wao wa mikasi.

Wageni bado ni muhimu, nisieleweke vibaya. Mwaka 2018 taasisi ya Uingereza ya Education and Employers ilitoa matokeo ya watoto wapatao 20,000 wa miaka 7 hadi 11 katika nchi 20. Wengi walizijua kazi walizozitamani kupitia televisheni na filamu au ndugu na jamaa. Waliosema walisikia kutoka kwa mtu aliyetembelea shule yao hawakufika asilimia moja. Kwa hiyo nafasi ipo wazi. Tatizo ni namna tunavyowaalika. Tunamwita daktari, rubani na mwanasheria, tunawaacha wahutubie kuhusu ndoto na bidii, na watoto wa kiti cha nyuma wanachezea zipu.

Mimi humpa mgeni masharti, na hakuna aliyewahi kukasirika. Alete kifaa anachokishika kila siku. Asizungumze zaidi ya dakika kumi. Aeleze jambo moja linaloharibika kazini na anavyolishughulikia. Na awape watoto tatizo la kutatua. Mhasibu mmoja alikuja na bahasha ya risiti ambazo jumla yake haikulingana na kitabu, akawaambia kuna fedha imepotea humo, itafuteni. Ukimya uliokuwepo siku ile sikuwahi kuupata kwa kanuni yoyote. Fundi bomba, mama mmoja mcheshi, alikuja na kipande cha bomba lililoziba na swali kuhusu maji ya choo yanakokwenda. Maswali yalimzidi muda. Kama ningelazimika kuchagua kati yake na rubani, nisingesita.

Uangalifu mmoja tu. Ukiwaomba wazazi waje kueleza kazi zao, usifanye orodha ya kila mtoto na mzazi wake. Wako wasio na wazazi, wako ambao wazazi wametoka kupoteza kazi, na wako ambao kazi ya nyumbani haisemwi. Tuma ombi la jumla, pokea anayejitolea, na kazi ya kulea na kuhudumia nyumba ihesabiwe miongoni mwa kazi.

Pale vinapokutana

Watoto wakishazoea kazi zao na wakishawasikia watu wazima wachache, ninawapa kisa hiki. Mwezi Oktoba 1935 ndege mpya ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka mara tu baada ya kuruka huko Ohio, Marekani, na watu wawili wakafa. Rubani alikuwa mzoefu sana. Kulikuwa na kifungo kinachozuia sehemu za mkia zisipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, na hakikufunguliwa. Baada ya ajali hiyo marubani waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, na hadi leo hakuna rubani, hata awe mkongwe namna gani, anayeruka bila orodha. Hospitali nazo zilifuata. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vipengele 19 kwa ajili ya upasuaji, na matokeo ya majaribio katika hospitali nane za miji minane, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miongoni mwa vipengele hivyo kimo kimoja ambacho watoto hawakitarajii: kila mtu chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake.

Hapo huwaambia waandike orodha ya kufunga darasa. Wanabishana: taa kwanza au madirisha? Tuweke na "nani hajambo, nani analia"? Wakaliweka hilo, kwa kweli, nalo likabaki. Mwalimu aliyesimama mlangoni akiwatazama hawezi kutofautisha kama hili ni somo la nidhamu au la ajira.

Tangu hapo lugha ya makosa inabadilika. Mkutubi aliyepoteza kitabu haulizwi kwa nini ni mzembe. Anaulizwa orodha yake ilikosa nini. Anaweza kusema ukweli bila kuvunjika. Nami hupenda kuwauliza wageni mbele ya watoto: ukikosea kazini, unamwambia nani, na lini? Majibu yao yana uzito ambao mimi sina.

Sitaki kuwadanganya kwamba kazi za darasani humtuliza kila mtoto. Yuko anayerusha kiti, yuko anayelala kila asubuhi, yuko aliyeanza ghafla kupiga wenzake. Kabla ya kumwita mkaidi, hakikisha anasikia na anaona ubao, amekula, amelala, na hakuna kinachomtisha nyumbani. Hayo yanataka mzazi, mtaalamu wa afya na wakati mwingine ustawi wa jamii, si chati. Kwa mtoto wa namna hii bado humpa kazi, ila ile inayomkutanisha na mtu mzima mmoja mwenye subira mwanzo na mwisho wa siku: kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, kuulizwa habari za asubuhi, kurudi jioni kueleza siku ilikwendaje. Mtu mzima huyo asitumie nafasi hiyo kumsomea makosa.

Upande wa wazazi, nimeona jambo dogo linalosaidia. Kila mtoto awe na ukurasa mmoja nyuma ya daftari lake unaoonyesha kazi alizoshika, aliyemkabidhi, aliyekabidhiwa naye, na kitu kimoja alichokiboresha. Siku ya wazazi, mtoto mwenyewe ndiye anayeusoma. Wazazi wengi wamezoea kuitwa shuleni kwa ajili ya lawama au ada, na utawaona wanavyoegemea mbele wanaposikia kwamba mwanao ndiye aliyegundua mikasi ihesabiwe kabla ya kengele, si baada.

Kama muhula umekwisha kuanza, usingoje mwingine. Chagua kazi nne unazozifanya mwenyewe kila siku na zimekuchosha, zitangaze ubaoni Jumatatu, na upokee barua za maombi hadi Jumatano.